Mkono wa Kulia wa Absalom

Kibabii, Bungoma
17 Februari 2025

Mwanangu Absalom,

Mulembe kutoka huku. Kuku wangu wawili wamekufa na wa tatu ameamua kuishi. Mguu wa kushoto unauma asubuhi, lakini umeuma hivyo tangu polio inikute nikiwa na miaka minne, kwa hivyo hiyo si habari. Habari ni kwamba binamu yako Phelista amekubali kutubebea barua. Kila wiki mbili anakuja huko Kitale kununua vitunguu, anarudi kuviuza Misikhu. Ukiona karatasi inanuka, usidhani nililia nikiandika.

Utauliza kwa nini barua, mwaka huu wa leo. Kwa simu mimi nauliza unaendeleaje, wewe unasema "niko sawa, Senge," halafu mtandao unapotea. Ni miezi kumi na saba tangu trekta ikupindukie, na mtandao umepotea mara ishirini na sita. Nimehesabu. Karatasi haipotezi mtandao, na "niko sawa" haitoshi kujaza ukurasa. Mimi ni dada ya baba yako. Nina haki ya ukurasa mzima.

Sasa jambo lenyewe. Wepukhulu baba yako ameniambia kwamba kituo cha mazoezi cha huko kimepata miwani ya kumwonyesha mtu dunia isiyokuwepo, wanaita uhalisia pepe, na kwamba wewe umeandikishwa wiki kumi na mbili. Nilicheka hadi mbavu zikauma. Kisha nikakasirika, ndipo nikachukua kalamu.

Hapa mjini kuna ofisi moja ya umma, siitaji jina kwa sababu bado naiandikia. Ina ngazi kumi na moja, na haina hata upana wa kitabu wa kupitisha kiti cha magurudumu. Nimeandika barua tisa. Wangeweza kumwaga saruji asubuhi moja, mimi nikaingia jioni. Lakini la! Badala ya kutujengea njia, dunia inatufunga picha machoni ili tuone kama tumepita. Watawala wa Rumi walipoona watu wananuna, waliwajengea uwanja wa michezo. Nimefundisha historia miaka ishirini na miwili, naijua hiyo sura hata kurasa zake.

Mtu ambaye miguu haimbebi anahitaji njia. Picha ya njia haifiki popote. Nipinge ukiweza.

Senge wako,
Nekoye


Kitale
12 Machi 2025

Kwa Senge Nekoye,

Mulembe sana. Niko sawa. (Hiyo umeipata. Sasa najaza ukurasa.)

Baba analima, mvua imeanza kunukia. Mama anakusalimu, anasema yule kuku aliyeamua kuishi umlete Pasaka. Barua yako ilifika ikiwa imelala kati ya magunia mawili, na kweli ilinuka, lakini maneno yote yalikuwa wazi. Yako huwa wazi.

Nimeanza mazoezi wiki iliyopita. Nitakueleza vile yalivyo, halafu utakasirika ukiwa na habari kamili. Kiti changu kinapandishwa juu ya vyuma viwili vinavyozunguka, kinafungwa kisiende popote. Navaa miwani, nzito kama kopo la maziwa ya unga, inafungwa kwa mkanda nyuma ya kichwa. Halafu kituo kinapotea. Naona barabara, miti pembeni, jua la asubuhi. Nikisukuma magurudumu, barabara inakuja. Nikiacha, inasimama. Mlima ukifika, vyuma vinakaza, na mabega yanajua ni mlima.

Senge, siku ya kwanza nilitoa jasho. Nilikuwa nimesahau harufu yangu mwenyewe. Nilirudi nyumbani nikaomba chakula mara ya pili, Mama akatoka nje haraka akasema anaenda kuanua nguo. Hakukuwa na nguo kwenye kamba.

Anayetusimamia ni Chelangat, kijana lakini mkali. Tuko sita. Ninayeshindana naye ni Mwalimu Kibiwott, mwalimu mkuu mstaafu, mguu wake mmoja ulikatwa kwa sababu ya sukari. Ana miaka sitini na saba na ananipita kila siku. Akishanipita anasema, "Songa, kijana, kuna watu wana haraka!"

Kuhusu ngazi kumi na moja, uko sahihi. Lakini hata wakimwaga hiyo saruji kesho, mimi siwezi kuipanda. Mikono yangu imelala mwaka mzima na nusu. Njia bila mikono nayo haifiki popote.

Jambo moja zaidi. Mwisho wa wiki kumi na mbili kila mtu atapewa kiti kipya. Kuna vya aina mbili. Vikubwa vina vishikio nyuma, vya kusukumwa na mtu. Vyepesi ni vya kujisukuma mwenyewe, na nyuma havina kitu cha kushika. Chati ya mikono ndiyo itaamua. Nataka kile chepesi. Usiniulize kwa nini.

Mwana wako,
Absalom


Kibabii
24 Machi 2025

Mwanangu Absalom,

Tumefurahi kusikia umekula mara mbili. Nilisoma hapo kwa sauti na kuku akiwa mlangoni. Mwambie Mama Pasaka hii kuku haji, ameanza kutaga na tunaheshimiana.

Umenipinga vizuri. Ile ya njia bila mikono ilinifanya niweke barua chini na kutafuta la kujibu hadi chai ikapoa. Sijalipata, lakini nalitafuta.

Lakini usidhani nimelainika. Vijana wa chuo walileta miwani kama hiyo hapa, kwenye kikundi chetu cha watu wenye ulemavu kinachokutana ukumbi wa kanisa. Walikuja na vyuma vyao vya kuzunguka, kila kitu. Nilisimama, kwa namna yangu ya kusimama, nikawahutubia dakika arobaini. Nilianza na Rumi. Msichana anayeitunza hiyo miwani, Wakiuru, alinisikiliza hadi mwisho kisha akauliza, "Kwa hivyo, Madam, ungependa kujaribu?" Ati kujaribu! Nimekataa kuigusa. Iandikwe.

Umesema nisikuulize kwa nini unataka kiti kile. Basi nauliza kitu kingine, na hiki hujanikataza. Mwaka huu umetoka nje ya lango la baba yako mara ngapi, ukiacha kupakiwa kwenye gari kwenda kituoni? Duka liko hatua mia tatu kutoka hapo. Nimeliona. Sitaki maelezo. Andika nambari.

Senge,
anayengoja nambari


Kitale
29 Aprili 2025

Kwa Senge,

Mulembe. Nisamehe kwa kuchelewa. Tulikuwa tunapanda, na Phelista alipita mara mbili nikiwa nimelala, halafu kalamu ilipotea. Mahindi yameota vizuri. Baba amenunua mbuzi ambaye anakula kila kitu isipokuwa majani.

Swali lako la mwisho sikulisoma vizuri, karatasi ililoa maji ya vitunguu hapo.

Nina habari mbaya kidogo. Chati yangu imeharibika. Mashine inahesabu kila mkono umesukuma mara ngapi, na kwa wiki tano inasema mkono wangu wa kulia ni dhaifu kuliko wa kushoto, na unazidi kuwa dhaifu. Kwa sababu hiyo kiti kinavutwa upande wa kulia na naanguka mtaroni. Mtaro wa kwenye miwani, lakini kengele inalia na kila mtu anajua. Mwalimu Kibiwott ananiita Diwani wa Mtaro.

Chelangat alinipima mezani kwa mkono wake mwenyewe. Aliniambia, "Sukuma." Nikasukuma, akarudi nyuma hatua mbili. Akasema, "Huu mkono hauna shida bana!" Lakini tukirudi kwenye miwani, ni kule kule. Msimamizi wa kituo, Bwana Kabiru, anaamini mashine. Amesema labda ni neva, labda trekta iliacha kitu shingoni. Jina langu ameliandika kwenye orodha ya viti vikubwa vya kusukumwa. Zimebaki wiki nne kasoro, na orodha ikifungwa imefungwa.

Nina wazo juu ya kinachotokea, lakini ni la kipumbavu, halifai kuwekwa kwa karatasi.

Usimwambie Baba. Ameanza kupima upana wa milango ili kile kikubwa kipite, na anapima huku akipiga mluzi kama mtu anayefurahi.

Absalom


Kibabii
3 Mei 2025

Absalom,

Leo sina salamu ndefu. Nimemtoa Phelista nyumbani nje ya zamu yake, amenuna, mpe chai.

Mkono wako hauna ugonjwa wowote. Unasalimia watu.

Yule mama mwenye ndoo ya maziwa akikuinulia mkono, wewe unamwinulia wako. Yule mzee anayetengeneza ua wake, hivyo hivyo. Na wale watoto watatu waliokaa juu ya daraja, ambao wanapunga kama wamelipwa, unawajibu mmoja mmoja. Ulilelewa kwamba mtu hapiti watu kimya kama mwizi, na kwamba mtu mzima hasalimiwi kwa mkono wa kushoto. Kwa hivyo kila mara ni wa kulia unaoacha gurudumu. Wa kushoto unaendelea kusukuma peke yake, kiti kinageuka kulia, na huyo mtaroni! Mashine iliyotengenezwa na watu wasiosalimiana imeona adabu ikaiandika kuwa udhaifu.

Mwambie Chelangat leo. Usingoje kesho.

Senge


Kitale
10 Mei 2025

Kwa Senge wangu mpendwa, mwanahistoria, adui wa Rumi,

Mulembe mara mbili. Phelista alikunywa chai vikombe vitatu na akasahau kununa.

Nimesoma barua yako mara nne. Kisha nimesoma zangu zote, kwa sababu huwa naziandika kwanza kwenye daftari. Senge, sijawahi kukuandikia kwamba kuna daraja. Wala mama wa maziwa. Wala mzee wa ua. Watoto ni watatu kweli, nilienda jana kuwahesabu. Sasa mtu ambaye amekataa kuigusa hiyo miwani, na ikaandikwa, aliwaona wapi?

Nangoja maelezo. Nambari haitoshi.

Kwa sababu nimekushika, nitakulipa kwa ukweli. Ulisema kweli. Nasalimia. Na nambari uliyotaka ni sifuri.

Mara ya mwisho kutoka langoni ilikuwa mwaka jana, Mama akinisukuma kwenda dukani. Njiani tulikutana na Matthew. Tulicheza mpira pamoja miaka sita, mimi nikiwa golini. Alimpa Mama mkono akamwuliza, "Anaendeleaje huyu?" Mama akasema naendelea vizuri. Akasema, "Ashukuriwe Mungu," akaenda zake. Dukani yule mama wa duka aliniangalia, halafu akamwangalia Mama kule juu ya kichwa changu. "Huyu siku hizi anakula? Na chai anakunywa na sukari?" Nilikuwa nimekaa hapo. Mdomo wangu haukupinduliwa na trekta. Lakini mtu akishika vile vishikio vya nyuma, watu wanaongea na yeye, kama vile anasukuma toroli ya viazi na viazi havina maoni.

Sina hasira nao. Hata mimi zamani nilifanya hivyo, na nafikiri nilikufanyia wewe, nikiwa mdogo, kule mazishini kwa babu Kuka. Nilimwuliza Baba kama Senge anataka soda.

Ndani ya ile miwani, yule mzee wa ua ananitazama mimi. Anaacha nyundo yake, anainua mkono, na nyuma yangu hakuna mtu mwingine anayeweza kuwa anamsalimia. Najua ni picha. Lakini anaanza yeye. Nitampitaje?

Chelangat sijamwambia. Nitasemaje? Mwanaume wa miaka thelathini na nne anaamkua picha?

Absalom


Kibabii
14 Mei 2025

Mwanangu,

Mulembe. Kuku ana vifaranga saba. Mvua imeingia jikoni, nimeitoa.

Ndiyo, nakumbuka ile soda. Ulikuwa na miaka tisa. Niliitaka, ilikuwa ya machungwa, na baba yako alisema sitaki. Tumeshasameheana.

Sasa maelezo. Siku iliyofuata baada ya hotuba yangu nilirudi ukumbini watu wakiwa wameondoka. Nilimwambia Wakiuru kwamba nakuja kukusanya ushahidi, kwa sababu mtu hawezi kushambulia kitu vizuri bila kukijua. Hiyo ni kanuni ya mjadala na bado naiamini. Alinifunga ile kitu kichwani. Nilikaa humo dakika ishirini. Nilisalimia wote, Absalom. Mama wa maziwa nilimwambia "Mulembe!" kwa sauti ambayo ilimleta mlinzi wa kanisa mbio akidhani nimeanguka. Nilikuwa mtaroni mara tano. Wakiuru alikuwa amekaa chini sakafuni, hawezi kuongea kwa kicheko.

Halafu kuna ule mteremko baada ya daraja. Unaujua. Mimi tangu nikiwa na miaka minne sijawahi kwenda kwa kasi ya kuniogopesha. Watu wamenibeba, wamenivuta, wamenisukuma polepole kama yai. Pale nilisukuma mwenyewe, kiti kikashika kasi, na nikaogopa! Niliogopa vizuri kabisa. Niliporudi nyumbani mabega yaliuma siku tatu na sikumwambia mtu. Nimerudi mara nne. Wakiuru ameapa kunyamaza.

Msimamo wangu uko pale pale, ila nimeuongezea chumba. Ofisi ile bado ina ngazi kumi na moja, na yeyote atakayesema tumepewa miwani kwa hivyo saruji si lazima, nitampiga kwa kalamu hadi abadilishe kazi. Lakini nilikuwa nimechanganya mambo mawili. Picha inayokufanya usahau unanyimwa nini ni uwanja wa Rumi. Picha inayokupa mikono ya kwenda kudai ni shule. Ulinifundisha wewe, kwa sentensi moja, na nilikuwa mkaidi.

Sasa sikiliza. Chumba kimoja hapo kituoni kina mtu anayekuona mgonjwa wa neva kwa sababu una adabu. Kama haya ya kusalimia picha yanakutia aibu, nipe mimi aibu hiyo, nina nafasi. Nitakuja Kitale tarehe 21 nimwambie huyo Kabiru mwenyewe mbele ya kila mtu kwamba mimi, mwalimu wa miaka ishirini na miwili, niliamkua picha, na picha ikaitika.

Sema neno tu.

Senge Nekoye


Kitale
24 Mei 2025

Kwa Senge,

Mulembe. Hongera ya vifaranga. Mbuzi wa Baba amekula kalenda.

Barua yako ilinikuta Jumatatu, na nikaona picha yako ukimhutubia Bwana Kabiru ukianza na Rumi. Nikamhurumia. Ndiyo maana sikukuita. Nimesema mwenyewe.

Nilimwambia Chelangat asubuhi ya Jumanne, haraka haraka, nikiangalia ukutani. Hakucheka. Aliniambia niingie, nivae, nisukume, na safari hii yeye akasimama kando akaangalia mikono yangu badala ya kuangalia mashine. Mzee wa ua alipofika alisema "moja." Mama wa maziwa, "mbili." Watoto wa daraja walipofika aliacha kuhesabu, nikasikia anafungua mlango akiita, "Bwana Kabiru! Kuja uone hii maneno!"

Bwana Kabiru alikuja na faili. Alisema, "Mashine haidanganyi." Chelangat akasema mashine haidanganyi lakini haina mama aliyeifundisha. Akaondoa watu wote barabarani, kumbe kuna mahali pa kuwaondoa, na nikasukuma barabara tupu. Mikono yote miwili ikatoka sawa kwenye chati, Senge, sawa kabisa. Lakini Bwana Kabiru akakuna kichwa akasema siku moja haitoshi, labda leo nimeamka vizuri, na mtu mzima mwenye akili hawezi kusalimia kitu kilichochorwa.

Hapo Mwalimu Kibiwott, ambaye tulidhani amelala kwenye kona, akasema, "Vaa wewe basi. Ama unaogopa?"

Bwana Kabiru aliketi kwenye kiti cha mazoezi. Alivua koti, akalikunja. Chelangat alirudisha watu bila kumwambia. Bwana Kabiru alianza vizuri, mgongo umenyooka, kama mtu anayeendesha gari la mkubwa. Mzee wa ua akaja. Niliona bega lake likitetemeka, akajizuia, akampita. Mama wa maziwa akaja. Vidole vikafunguka, akajizuia tena. Halafu watoto wa daraja, wote watatu.

Mkono wa kulia wa Bwana Kabiru uliinuka wenyewe.

"Hamjambo watoto!" alisema. Kengele ikalia. Mtaroni!

Chelangat ilibidi ashike meza. Mwalimu Kibiwott alipiga makofi akasema, "Karibu, Diwani." Bwana Kabiru alivua miwani polepole, akaniangalia mimi, machoni, akauliza, "Na yule mama wa maziwa, yeye hukasirika mtu akimpita?" Nikamwambia sijui, sijawahi kumpita. Akachukua faili yangu akakata mstari, akaandika juu yake kwa kalamu yake mwenyewe. Orodha imefungwa jana. Nimepewa chepesi.

Nilimwuliza Mwalimu kwa nini yeye hajawahi kuanguka. Alisema, "Mimi huwa nangoja wanisalimie kwa heshima. Wale wanapunga tu kama watoto wa darasa la kwanza."

Kiti kitafika katikati ya Juni.

Absalom


Kibabii
2 Juni 2025

Absalom mwanangu,

Nimesoma barua yako mbele ya kikundi kizima, na ikabidi niisome tena, na mara ya tatu Wakiuru ndiye aliyesoma kwa sababu sauti yangu ilikuwa na shughuli nyingine. Umenyima Kitale hotuba, lakini umefanya vizuri kuliko hotuba.

Hapa watu wanne wa kikundi wanafanya mazoezi kwa zamu, na mimi wa tano, hadharani. Mmoja ameniambia, "Madam, si ulisema hii ni Rumi?" Nimemjibu kwamba Warumi pia walijenga barabara.

Ile ofisi imejibu barua yangu ya kumi. Wamenialika kuzungumzia njia ya kiti cha magurudumu. Mkutano uko ghorofa ya pili. Sijacheka hivyo tangu mtaroni. Nimewajibu kwamba nitaketi chini ya ngazi na watu wangu wanne, tukiwa na mabega mapya na sauti za zamani, na wao washuke. Wamesema watashuka.

Nambari yako ni sifuri. Ninayo hapa, imeandikwa. Sitaitaja tena. Nimeibandika tu ukutani ambapo naiona nikinywa chai.

Senge


Kitale
21 Juni 2025

Kwa Senge Nekoye,

Mulembe kutoka nje ya lango.

Kiti kilifika Jumatano, chekundu, chepesi hadi Mama alikiinua kwa mkono mmoja akakirudisha chini kama ameiba. Baba alikizunguka akitafuta pa kushika. Hakupata. Alisema, "Sasa mimi nikusaidie wapi?" Nikamwambia afungue lango.

Leo Jumamosi hakukunyesha asubuhi. Nilitoka saa nne. Mlango, ua, lango, barabara. Udongo halisi, Senge, ni mzito kuliko ule wa miwani, na hakuna anayeulainisha mtu akichoka. Nilisukuma nikapumzika, nikasukuma.

Jirani wa kwanza alikuwa anapalilia mahindi kando ya barabara. Alisimama akaniangalia, jembe mkononi. Nikajua ananitafutia mtu nyuma. Safari hii sikungoja aanze yeye. Niliinua mkono wa kulia nikasema "Mulembe!" na kiti kikageuka kulia, na nikaingia mtaroni.

Mtaro wa kweli. Una maji.

Alikuja mbio na wengine wawili, na mmoja alikuwa Matthew. Walinitoa wakiuliza wote kwa pamoja, "Umeumia? Absalom, umeumia? Sasa wewe unaenda wapi hivyo?" Uliona? Umeumia. Unaenda wapi. Nilikuwa nimelowa hadi kiunoni nikicheka, na wao walidhani nimegonga kichwa. Matthew alitaka kunisukuma, akapapasa nyuma, hakuna kitu. Basi akatembea kando yangu. Aliniambia timu haijapata golikipa tangu niondoke, wanafungwa mabao kama mvua. Nilimwambia nitakuja kuwafundisha kupiga kelele golini.

Hatua mia tatu zilinichukua saa nzima na robo. Watu ni wengi, na sasa nasimamisha kiti kwanza kabla ya kuinua mkono.

Mama wa duka alitazama juu ya kichwa changu kama kawaida. Akatazama kushoto. Matthew alikuwa amebaki nje akiongea na simu. Hakukuwa na mtu. Ikabidi ashushe macho.

"Absalom," akasema, "nikupe nini?"

"Sukari nusu kilo," nikamwambia. "Mimi nakunywa chai na sukari. Vijiko viwili."

Kwa hivyo ondoa ile sifuri ukutani, uandike moja. Kesho tunaenda kanisani, itakuwa mbili.

Niko sawa, Senge. Na ukurasa umejaa.

Mwana wako,
Absalom